Pasi Hii ni Pasi Ipi? Kitenzi "Pass" cha Kiingereza na Makao Yake Somanda

Makala haya yanahusu kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, nacho ni "pass". Nimekichagua kwa sababu ni miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo Mtanzania hukutana navyo mapema kabisa, mara nyingi kabla hajajua kuwa ni vya Kiingereza. Lakini iko sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu: sisi wanafunzi wa fasihi tunakitendea kitenzi hiki isivyo haki. Tukikikuta katika hadithi ya Kiswahili kimevaa kanzu ya kwetu, "kupasi", tunakipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni "Kiswahili kibovu". Tukikikuta katika riwaya ya Kiingereza tunakitafsiri "kupita" na kusonga mbele kana kwamba kazi imekwisha. Tabia zote mbili zinatunyima maana iliyomo kwenye matini, na nitajaribu kuonyesha ni kwa namna gani.

Mifano yangu mingi ni ya Somanda, mjini Bariadi, mkoani Simiyu, ambako ndiko kwetu. Msomaji wa Dar es Salaam asidhani ninamzungusha bure. Bariadi ni nchi ya pamba na ng'ombe, nchi ya Wasukuma wa Ntuzu, na kwa wengi wetu kule Kiswahili ni lugha ya pili, iliyokuja na shule, hospitali, mnada na redio. Neno la Kiingereza likifika Somanda linapokelewa na watu waliokwisha kuzoea kupokea maneno ya wengine. Wanalipima, wanachukua wanachokitaka, kilichobaki wanakiacha stendi.

Hebu tembea Somanda nusu siku tu, usikilize. Fundi cherehani barazani anamtuma kijana wake aichochee pasi. Uwanjani mtoto anapiga kelele, "Pasi! Pasi!" na hapewi. Mfanyabiashara anayetaka kufuata mzigo nje ya nchi anauliza pasi ya kusafiria inachukua siku ngapi. Bibi mmoja anauliza kama mjukuu wa jirani kapasi. Na mhubiri mwenye kipaza sauti anatuhakikishia kuwa siku za mwisho zimekaribia, pasi na shaka. Pasi tano hizo. Je, ni neno moja, au ni majina yaliyogongana tu njiani?

Hatua moja ya mguu

Tuanze mbali. "Pass" kiliingia katika Kiingereza mnamo karne ya 13 kutoka Kifaransa cha zamani, enzi ambazo wakubwa wa Uingereza walikuwa bado wanajivunia Kifaransa, matokeo ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Kwa Kifaransa ni "passer". Wafaransa nao walikirithi kutoka Kilatini cha mitaani, "passare", kilichoundwa kutokana na nomino "passus", yaani hatua ya mguu. Na "passus" yenyewe inatokana na kitenzi "pandere", kutanua au kutandaza. Maana hatua ni nini kama si miguu iliyotanuliwa? Warumi walipima hata barabara zao kwa kipimo hicho: maili ya Kirumi ilikuwa "passus" 1,000.

Basi, chini kabisa ya kitenzi hiki kuna picha moja. Mtu ananyanyua mguu, anausogeza, na kitu kilichokuwa mbele yake sasa kiko nyuma. Shika picha hiyo, ndugu msomaji, maana karibu matumizi yote yamechipuka hapo. Unapita nyumba ya mtu. Siku zinapita, na "past", wakati uliopita, ni "passed" ileile iliyoandikwa kama inavyosikika. Ndiyo maana Mwingereza ikifika saa tisa na nusu yeye husema kwamba nusu imeipita tatu. Sisi tunajumlisha, yeye anatembea. Unapitisha kitu kutoka mkono wako kwenda wa mwenzako, iwe chumvi mezani au mpira uwanjani (ingawa Mswahili akitaka chumvi atasema "nisogezee", na anayesema "nipitishie chumvi" tunajua amesoma wapi). Unakipita kizuizi: lango la mji, ukaguzi wa daktari, chumba cha mtihani. Bunge linapitisha muswada. Hatimaye mtu mwenyewe anapita, "pass away", haonekani tena. Halafu ipo ile maana ya kijanja, "pass for": kupita mbele ya macho ya watu huku wakikudhani kitu usicho. Hiyo nitairudia baadaye, kwa sababu ndiyo inayowatoa jasho watafsiri.

Watoto wa kitenzi hiki ni wengi. "Trespass" ni kupitiliza mpaka wa mwenzio. "Pastime" ni cha kupitishia wakati. "Passenger" ni mpitaji, na hapa ipo sadfa tamu: neno letu "abiria", tulilolipata kwa Waarabu, nalo lina mzizi wenye maana ya kuvuka.

Lakini tahadhari. "Passion" na "passive" hazimo katika ukoo huu hata kidogo. Kilatini kilikuwa na "passus" mbili. Moja ni hatua, nyingine ni "aliyeteseka", kutoka kitenzi "pati", kuvumilia. Kwa hiyo kauli ya kutendwa, ukiifuata hadi kwao, ni kauli ya mvumilivu, na haihusiani na kutembea. Nimewahi kusoma kazi ya mwenzetu mmoja iliyoeleza kwamba "passion" ni "hatua za moyo". Alikuwa ametunga shairi bila kujua. Mtego mwingine ni Pasaka. Neno hilo ni la Kiebrania, likapitia Kigiriki hadi kutufikia, na halina udugu na "pass". Ila William Tyndale, alipokuwa akitafsiri vitabu vya Musa kwa Kiingereza, vilivyochapishwa mwaka 1530, aliona sauti zimekaribiana na maana nayo haiko mbali, akaunda "Passover". Mtafsiri hodari huyo alifanya kwa makusudi kile ambacho mwanafunzi mzembe hukifanya kwa bahati mbaya.

Milango ya kuingilia

Sasa turudi barazani kwa fundi. Pasi ya fundi wetu ni ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye komeo lake, na hajaitupa ingawa anayo ya umeme, kwa sababu mkaa haukatiki kama umeme. Neno hilo halikuja na Mwingereza. Wareno hadi leo husema "passar a ferro", kupitisha chuma, wanapomaanisha kunyoosha nguo, na wanaisimu wengi wanalihusisha neno letu na usemi huo. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na ngome hiyo ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, mvinyo na kadhalika. Angalia hapa Waswahili walivyofanya: waliacha chuma, wakachukua kupitisha, kisha kupitisha huko kukageuka kuwa jina la chuma chenyewe! Kitenzi kimekuwa kifaa. Ndiyo maana inabidi tukitafutie kitenzi kingine cha kukisukuma: *kupiga* pasi.

Kireno "passar" nacho kimetoka kwenye "passare" ileile ya Kilatini. Kwa hiyo pasi ya fundi na pasi ya mpira ni watoto wa babu mmoja waliokuja kwa merikebu mbili tofauti, wakakutana ukubwani. Hawafahamiani. Mtu akisema "anapiga pasi" bila kukuonyesha mahali, huwezi kujua kama mhusika kashika shati au yuko uwanjani.

Pasi ya mhubiri tuiondoe haraka. "Pasi na shaka" ni yetu wenyewe: ni *pa* ya mahali na *si* ya ukanushi, kama ilivyo katika "pasipo". Haidai chochote Ulaya. Naitaja kwa sababu nimeona wahakiki wanaohesabu maneno ya mkopo katika diwani fulani wakaiweka pamoja na pasipoti. Pasipoti yenyewe ndiyo ya mkopo, tena imeingia nzima na mizigo yake: "passport", ya kupitia bandarini. Serikali inaiita pasi ya kusafiria.

Mpira umezaa zaidi. Pasi ya mpira ilikuja na Kiingereza cha shule na redio ikaisambaza, kisha ikaacha kuwa ya Kiingereza. Hivi Mwingereza ukimwambia kwamba jana ulipiga "pasi ndefu" ataelewa nini? Hapa chuoni kila mtu anaelewa. Bumu limechelewa, mfukoni hamna kitu, basi unakula mlo mmoja mzito saa tisa alasiri, na mlo huo unaurusha juu ya chakula cha usiku mpaka ukaangukie kesho. Mpira umeruka viungo wote wa kati. Huo ni utani wa watu wenye njaa, na katika hadithi yoyote ya maisha ya chuo usemi huo unabeba dhamira nzima ya ugumu wa maisha kwa maneno mawili. Anayeubadilisha kuwa "kula mara moja kwa siku" amebakiza habari, utani ameutupa.

Tazama pia mnyambuliko, maana huko ndiko lugha inakosema siri zake. Mchezaji hasemi "nipasi". Anasema "nipasie", na wakicheza vizuri tunasema "wanapasiana". Kauli ya kutendea na ya kutendeana: mpira lazima uwe na wa kupewa. Kwenye mtihani hakuna wa kupewa. Mtu anapasi, basi. Ukitaka kumwingiza mtu wa pili huna budi kutumia kauli ya kutendesha, na hapo harufu inabadilika. "Kapasi" ni sifa. "Kapasishwa", au "wamempasisha", ni tuhuma. Somanda mtu akisema hivyo anapunguza sauti. Kiingereza hakina namna ya kusema jambo hilo kwa silabi moja ya nyongeza. Halafu tunaambiwa hicho ni Kiswahili kibovu!

Kwa wapenda sarufi niongeze hili. "Pita" ni Kibantu, kwa hiyo ukikanusha wakati uliopo irabu ya mwisho inageuka: "hapiti". "Pasi" haigeuki: "hapasi", sawa na "hafeli" na "hasafiri". Mgeni kapewa chumba lakini anatambulika kwa nguo zake.

Kapasi au kafaulu?

Hapa ndipo palipo na kesi yenyewe. Mwenzangu mmoja, mtu wa hukohuko kwetu, aliandika hadithi fupi kwa ajili ya mkusanyiko wa kazi za wanafunzi. Hadithi inatokea Bariadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Bibi yuko shambani anachuma pamba. Mjukuu anatoka mjini mbio, majina yamebandikwa. Bibi haachi kuchuma, anauliza neno moja tu: "Kapasi?" Anayeulizwa ni kaka mtu. Mjukuu anajibu, "Hapana, kafaulu tu."

Mhariri, ambaye sitamtaja, alikata "Kapasi?" akaandika "Amefaulu?" Kisha akaona jibu halileti maana, kwa kuwa sasa lilikuwa likisema hapana, kafaulu tu, naye akalifuta lote. Mwandishi alipolalamika akajibiwa kwamba jarida haliwezi kuchapisha "maneno ya vijiweni" wakati Kiswahili sanifu kinalo neno lake. Hadithi ikatoka ikiwa haina moyo.

Wasiojua mambo ya miaka ile hawataona tatizo. Nieleze. Wakati huo nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali zilikuwa chache mno. Nchi ilikuwa imejitahidi sana kuwaingiza watoto wote shule ya msingi tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza kutekelezwa mwaka 1977, lakini mlango wa sekondari ulibaki mwembamba. Mtoto aliweza kupata alama nzuri asichaguliwe. Kwa wazee wetu Somanda, "kupasi" hakukuwa kupata alama. Kupasi ni kuona jina lako kwenye orodha, kununuliwa sanduku la bati na kupanda basi. Aliyepata alama bila kuchaguliwa alikuwa "kafaulu tu", na hilo "tu" ndilo hadithi nzima: kaka mtu ana akili, karatasi inathibitisha, lakini mwezi ujao atakuwa hapohapo kwenye pamba.

Kwa nini neno la mkopo ndilo lilibeba mzigo huo? Maoni yangu ni haya. "Kufaulu" ni neno pana. Mtu hufaulu katika biashara, hufaulu kulea, mwizi hufaulu kutoroka. Si lazima awepo mtu aliyekuwekea kizuizi. "Kupasi" hakuwezekani bila kizuizi na mwenye kizuizi. Huwezi kupasi ndoa. Unapasi mtihani, usaili, vipimo vya jeshi, yaani popote ambapo mtu usiyemjua amekaa nyuma ya meza na kalamu. Ile hatua ya mguu ya Kilatini imefika Somanda ikiwa na lango mbele yake na bawabu juu ya lango. Bibi wa kwenye pamba hajui Kilatini, wala Kiingereza, lakini alijua sawasawa ni neno lipi linahusu lango.

Mambo yalibadilika. Kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zilijengwa kwa wingi, na tangu Januari 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa. Leo mdogo wangu akisema "nimepasi" anamaanisha alama. Babu yake bado anasikia sanduku la bati. Watu wawili wa nyumba moja, neno moja, na miaka 30 katikati. Mwandishi anayeijua tofauti hiyo ana silaha; mhariri anayemnyang'anya ni bora aeleze kwa nini.

Na lipo jambo la kuchekesha kwetu sisi wa chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya kwanza ina madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na la mwisho kabisa ambalo linaitwa, kwa Kiingereza, "Pass", kwa wenye wastani wa 2.0 hadi 2.6. Hapa kwetu mtu "akipata pasi" marafiki wanampa pole. Akirudi Somanda akasema "nimepasi" vigelegele vinapigwa na kuku anachinjwa. Wala hajadanganya. Nampendekeza mhusika huyo kwa yeyote anayetafuta kisa cha kuandikia tamthilia ya kuchekesha. Ukimwandika kwa "kufaulu" hutapata kitu.

Karatasi na uso

Upande wa nomino, "pass" ina historia nyeusi ambayo wanafunzi wa fasihi ya Afrika Kusini wanaijua. Kule ni karatasi ambayo bila hiyo Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga mtaa. Maandamano ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960, ambapo kwa hesabu rasmi watu 69 waliuawa na polisi, yalikuwa ya kuzipinga pasi hizo. Magazeti yetu yaliandika "sheria za pasi" na msomaji akaelewa. Ila angalia jambo hili: Waingereza walipomvisha Mwafrika wa Kenya cheti chake cha usajili shingoni, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu hawakukiita pasi. Walikiita *kipande*. Neno lilikuwepo, wangeweza kulikopa, hawakulikopa. Kwa mtu aliyevalishwa kitu hicho, kilikuwa kipande cha karatasi katika kopo la bati, wala hakikumpitisha popote alipotaka. Mhakiki asiangalie maneno yaliyokopwa tu. Yaliyokataliwa nayo yana maelezo.

Nimalizie na "pass for", kama nilivyoahidi. Shakespeare anaitumia kwa dhihaka katika tamthilia ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuiita *Mabepari wa Venisi* (1969): Portia, akimzungumzia mchumba wake Mfaransa, anasema kwa namna ya kumkebehi kwamba basi naye ahesabiwe kuwa mwanamume. Hapo "kuhesabiwa" kunatosha. Kazi ngumu iko kwenye riwaya ya Nella Larsen, Mmarekani mweusi, iliyotoka mwaka 1929 kwa jina la *Passing*. Wanawake wawili weusi wenye ngozi nyeupe sana, Irene na Clare, wanakutana juu ya hoteli moja ya Chicago ambako wangefukuzwa kama wangejulikana. Irene amefanya hivyo kwa mchana mmoja tu, kukimbia joto. Clare amefanya hivyo kwa miaka mingi: ameolewa na Mzungu anayewachukia weusi, na mume hajui. Mwishoni Clare anaanguka dirishani na kufa, na msomaji haambiwi kama alijirusha, aliteleza au alisukumwa.

Kichwa hicho kimoja cha Kiingereza kina vitu vitatu: kudhaniwa Mzungu, kuvuka mpaka, na kufa. Kiswahili tunasemaje? "Kujifanya" hakufai. Anayejifanya anatenda, Clare mara nyingi anakaa kimya tu na macho ya watu yanamaliza kazi. "Kupita" kunabeba mpaka, na kwa mbali kunabeba kifo, ingawa kwetu aliyekufa hapiti, *ametangulia*, yaani sisi wengine tuko njiani nyuma yake, jambo ambalo "pass away" halilisemi. Lakini "kupita" peke yake hakumwambii msomaji wa Somanda kitu chochote kuhusu rangi. Atafikiri ni habari za mtihani, au za diwani aliyepita bila kupingwa.

Nimewahi kufikiria "Kujipitisha". Ina *ji* ya kujitendea mwenyewe na ina kauli ya kutendesha, yaani mtu anayejivusha kwa nguvu zake langoni. Tatizo ni kwamba kwetu anayejipitisha ni kijana anayekatiza mara sita mbele ya nyumba yenye msichana, au mwanasiasa anayehudhuria kila msiba mwaka wa uchaguzi unapokaribia. Huyo anataka kuonekana, na Clare anataka kinyume chake. Hata hivyo mimi bado sijaitupa, kwa sababu Clare naye ana kiburi hicho. Anarudi Harlem tena na tena, anakatiza mbele ya watu wake wa zamani, anakaribia kuonekana na anapenda kukaribia huko.

Jambo lenyewe si geni kwetu, kukosa jina tu. Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka mno, na makundi mengine yakanenepa. Watu hawakuhama wala hawakufa. Walivuka wakiwa wamekaa vibarazani mwao. Kama Waswahili wa wakati huo walikuwa na kitenzi cha tendo hilo, hicho ndicho ninachokitafuta kwa ajili ya kitabu cha Larsen. Mwenzangu mmoja kutoka Pemba anashikilia kwamba ni "kugeuka", mwingine anasema "kujitoa". Mimi naona "kugeuka" kunamlaumu Clare kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Msomaji mwenye bibi wa pwani amuulize, atuletee jibu tulichape katika toleo lijalo.